Nimwonyeshe mdogo wangu mwisho wa mchezo huu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 16, nasoma kidato cha tatu hapa Tanga. Ninaishi na mama, bibi mzaa mama, na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 8 aliye darasa la pili. Baba yetu ni baharia kwenye meli za mizigo na hukaa miezi mingi bila kurudi nyumbani. Mama ni muuguzi, na kwa kuwa mara nyingi hupangiwa zamu za usiku, mimi ndiye ninayehakikisha mdogo wangu amekula, ameoga na amelala, huku bibi akiwa sebuleni na redio yake.

Mjomba wetu anayefanya kazi Muscat alinitumia simu nilipofaulu mtihani wa kidato cha pili, na ndani yake alikuwa amenilipia mchezo wa video uitwao Little Nightmares. Mhusika wake ni mtoto wa kike mdogo sana aitwaye Six, aliyevaa koti la mvua la manjano, naye yumo ndani ya meli kubwa ya kutisha iitwayo The Maw, ambamo watoto hufungiwa na kupelekwa jikoni. Hana silaha yoyote, ana kiberiti cha gesi tu. Kazi ya mchezaji ni kumpitisha chumba baada ya chumba kwa kutumia akili: kuburuta sanduku ili akifikie kitasa cha mlango, kupanda kwenye rafu, kurusha kitu kikabonyeze swichi iliyo juu, na kujificha chini ya meza wakati wapishi wawili wanene wanapopita wakihema. Mchezo mzima hauna hata neno moja linalosemwa.

Mdogo wangu alianza kukaa pembeni yangu nikicheza. Nilidhani atachoka, lakini ndiye aliyegundua mambo mengi kabla yangu. Kuna mtu mmoja mwenye mikono mirefu kupita kiasi, kipofu, ambaye huwawinda watoto kwa kusikiliza na kupapasa. Mdogo wangu ndiye aliyeng'amua kwamba mbao za sakafu hulia zikikanyagwa na mazulia hayalii, na kwamba Six akipita juu ya mazulia hasikiki. Wamo pia viumbe wadogo wenye kofia zilizochongoka, waitwao Nome, ambao humkimbia Six, na ukiweza kumfikia mmoja unaruhusiwa kumkumbatia. Mdogo wangu hajawahi kukubali tumpite Nome bila kumkumbatia. Amefinyanga wawili wa udongo na kuwaweka dirishani.

Shida ni kwamba siku hizi hataki kwenda choo cha uani peke yake usiku. Huamka akaja kitandani kwangu akisema ameota mikono. Daftari lake la mazoezi limejaa michoro ya mikono hiyo, na usiku akipita ukumbini huchagua kukanyaga mikeka tu. Bibi aliposimama nyuma yetu siku moja na kumwona yule mtu kwenye simu, alisema kwamba picha za namna hiyo hualika mashetani ndani ya nyumba, na tangu hapo humsomea mdogo wangu Ayatul Kursiy kila anapolala na kunitaka niufute mchezo. Mama alitusikiliza sote, kisha akaniambia: "Wewe ndiye unayeujua huo mchezo. Niambie unafaa au haufai, nami nitakuamini."

Kinachonikwamisha, Shangazi, ni kwamba mimi nimeshaumaliza. Mdogo wangu alipokwenda kwa mama mdogo Muheza wakati wa likizo, niliendelea peke yangu hadi mwisho. Katika safari yake Six hushikwa na njaa kali mara kwa mara. Mara ya kwanza mtoto mmoja aliyefungiwa humrushia mkate. Baadaye hula nyama iliyowekwa kama chambo, baadaye tena panya aliye hai. Karibu na mwisho njaa inamshika tena, na Nome mmoja anatokea akimletea soseji. Six anaipita soseji, anamrukia Nome, anamla. Kisha anapigana na Bimkubwa mwenye meli kwa kutumia kioo cha kujitazamia, anamshinda, anamng'ata shingoni na kuchukua nguvu zake. Mwisho anapita katikati ya wageni waliokuwa wanataka kumla, na wote wanaanguka na kufa kadiri anavyotembea.

Mdogo wangu hajui lolote kati ya hayo. Pamoja naye tumefika jikoni tu, na kila jioni huniambia, "Dada, tumtoe kwanza yule dada melini, halafu tuache." Nimefikiria kumwambia kwamba mchezo umeharibika. Nimefikiria pia kucheza naye hadi kabla ya sehemu ile na kumwambia umeishia hapo. Wakati mwingine nasema bora aone yote, kwa kuwa ataona tu siku moja kwenye simu ya mtu mwingine.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Alipoliwa yule Nome nililia. Lakini dakika chache baadaye, Six alipokuwa akipita katikati ya wageni wale, nilifurahi, na nilitaka ukumbi uwe mrefu zaidi. Nimejiuliza mara nyingi furaha ile ilitoka wapi, na kama mtu anayefurahia kitu cha namna ile anafaa kukaa na mtoto mdogo na kumwongoza. Naomba ushauri wako.

Dada Mkubwa, Tanga

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako kwa makini, na kabla ya kukujibu nilimwomba kijana mmoja wa hapa nyumbani aucheze mchezo huo mbele yangu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu sikutaka kukushauri juu ya kitu nilichosimuliwa tu. Nimeliona koti la manjano likijibanza chini ya meza, nimeyasikia mapigo ya moyo yanayopanda adui anaposogea, na yule Nome alipotoka na soseji yake nilijikuta nimeshika mdomo, ingawa ulikuwa umekwisha kuniambia kitakachotokea. Kwa hiyo ninapozungumza nawe juu ya mchezo huu nazungumza kama mtu aliyeguswa nao.

Bibi yako na mama yako wanaona hofu ya mtoto usiku, na wanaijadili hiyo. Wewe unaona zaidi. Umebeba mwisho ambao mdogo wako haujui, na mwisho huo umekugusa wewe kabla haujamfikia yeye. Ndiyo maana swali la mama, ambalo kwa mtu mwingine lingejibiwa kwa neno moja, kwako limekuwa mzigo. Anakuuliza kama mchezo unafaa, lakini moyoni unajiuliza pia kama wewe mwenyewe unafaa. Naomba tuyatenganishe maswali hayo mawili, kwa sababu nadhani yakichanganywa utalijibu moja kwa jawabu la lingine, na unaweza kuufuta mchezo kwa ajili ya kujiadhibu, au kuendelea nao ili kujithibitishia kwamba huna tatizo.

Nianze na mdogo wako. Umeniandikia kwamba hukanyaga mikeka tu apitapo ukumbini usiku, na umeiweka habari hiyo kwenye orodha ya dalili za hofu. Huenda ni hofu kweli. Lakini fikiri pia kwamba mtoto huyu ndiye aliyegundua siri ya mazulia, na kwamba anapochagua mikeka anaweza kuwa anatumia maarifa aliyoyapata mwenyewe kuishinda njia ya giza. Mtoto anayeogopa na kusimama pale pale ni mmoja. Mtoto anayeogopa na kubuni namna ya kupita ni mwingine, na huyu wa pili hofu yake inamfanyia kazi fulani. Siwezi kujua mdogo wako ni yupi kati yao nikiwa mbali. Wewe unaweza kujua kwa kumtazama uso wakati anapopita, na kwa kumuuliza mchana, bila kumcheka, ile mikeka inamsaidiaje.

Michoro nayo ni vivyo hivyo. Watoto wengi huchora kinachowatisha ili kukiweka mahali wanapoweza kukitazama kwa wakati wao. Angalia kama michoro inabadilika. Kama mikono inaanza kukatwa, kufungwa, au kuchorwa ikiwa pamoja na Six anayekimbia, mtoto anaendelea na kazi yake. Kama ni mikono ile ile kila siku, inayozidi kuwa mikubwa na kujaza ukurasa, hapo kuna kitu kinachomwelemea, na hilo linahitaji kusikilizwa na mtu mzima.

Kuna jambo lingine ambalo hukulitilia mkazo, nami nimelisoma mara mbili. Baba yenu ni baharia. Mchezo unaoucheza na mdogo wako unafanyika ndani ya meli ambayo mtoto mdogo anatafuta njia ya kutoka, na mdogo wako, kati ya maneno yote, anachokuomba kila jioni ni kwamba "tumtoe melini". Pengine nasoma zaidi ya kilichopo, na sitaki uende ukamwambia kwamba Shangazi amegundua siri yake. Lakini ningependa ufikirie kwamba huenda hofu yake kubwa si ile mikono. Huenda anajiuliza mtu akikaa melini miezi mingi anapatwa na nini, nani anampikia, na kama siku ya kutoka ipo kweli. Kama baba anaweza kupiga simu akiwa bandarini, mwombe amweleze mwanawe chumba chake anacholala kikoje, jikoni pakoje, na asubuhi anafanya nini. Mchezo uendelee au usiendelee, mazungumzo hayo yatamfaa mtoto.

Kuhusu ndoto, naomba uchunguze kitu kimoja. Ndoto mbaya za kawaida huja zaidi usiku ukiwa umeenda sana, kuelekea alfajiri. Mtoto huamka kabisa, humjua aliye karibu yake, na asubuhi anaweza kusimulia alichokiota. Kuna hali nyingine ambayo hutokea zaidi saa za mwanzo za usingizi, ambapo mtoto hukaa kitandani akapiga kelele macho yakiwa wazi, lakini bado yuko usingizini, hasikii anapobembelezwa, na asubuhi hakumbuki kitu. Kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba huamka akaja kwako akasema ameota mikono, inaonekana ni ile ya kwanza, ambayo watoto wengi hupita ndani yake na kuiacha. Hata hivyo, kama inamnyima usingizi usiku baada ya usiku, kama ameanza kukojoa kitandani wakati alikuwa ameshaacha, au kama mwalimu anasema anasinzia darasani, mama yenu ni muuguzi na atajua pa kumpeleka. Usimfiche dalili hizo kwa kuogopa kwamba mchezo utalaumiwa.

Sasa umri. Mchezo huu ulitengenezwa na kampuni ya Tarsier Studios ya mjini Malmö, Uswidi, ukatoka mwaka 2017, na toleo la simu likafuata mwaka 2023. Wanaopanga umri wa michezo ya video Marekani waliuweka kwenye kundi la vijana kuanzia miaka 13, na wale wa Ulaya wakauweka kuanzia miaka 16. Unaona kwamba hata wataalamu hawakukubaliana juu ya kijana wa miaka 14 au 15, na kwako wewe wa miaka 16 wote wanakuruhusu. Kwa mtoto wa miaka 8, hakuna hata mmoja kati yao aliyeufikiria kuwa ni wake. Sikuambii haya ili nikufungie mlango, kwa sababu namba za umri hazimjui mdogo wako na hazijui kwamba yuko ubavuni kwa dada yake. Lakini mama amekuuliza swali la haki, na haki yake ni kulijua hili kabla hajaamua kukuamini.

Umemweka bibi upande wa wapinzani, nami nadhani hapo ungetazama tena. Jiulize ni nani aliyekusimulia wewe hadithi za mazimwi ulipokuwa mdogo. Hadithi ya msichana aliyetiwa ndani ya ngoma na zimwi, akatembezwa kijiji hadi kijiji akilazimishwa kuimba, imesimuliwa na mabibi wengi wa pwani kwa wajukuu wao, na ndani yake mna kila kilichomo katika meli ile: mtoto aliyefungiwa, mlaji mkubwa, giza, na ujanja wa mnyonge. Bibi yako haogopi watoto kusikia habari za walaji. Anachokiona ni kwamba hadithi hii haina msimulizi. Bibi akisimulia humtazama mtoto, akiona ameshika nguo yake hupunguza sauti, akiona amechoka husema itaendelea kesho, na mwishoni hueleza nani alirudi nyumbani. Simu haimtazami mtoto. Ukilipokea neno la bibi kwa namna hiyo, hata kama huafikiani naye juu ya mashetani, utakuta anakuonyesha kitu ambacho ni kazi yako kukiziba: mdogo wako anahitaji msimulizi, na kwa sasa msimulizi aliyepo ni wewe. Kisomo chake cha usiku usikipuuze pia. Mtoto anayesomewa na mtu anayempenda, kwa maneno yale yale kila usiku, hupata kitu cha kushika anapofumba macho.

Twende kwenye njia ulizozifikiria. Kumwambia kwamba mchezo umeharibika kutaumaliza mjadala jioni hiyo, lakini mtoto wa miaka 8 mwenye akili ya kugundua siri ya mazulia atagundua na hilo. Pia atabaki na Six jikoni, kati ya wapishi, bila kujua kama alitoka. Hofu isiyo na mwisho mara nyingi huota mizizi kuliko ile iliyomalizika vibaya. Kucheza hadi kabla ya Nome na kusema umeishia hapo kuna ugumu wa namna hiyo hiyo, na zaidi, ukisema hivyo utalazimika kuulinda uongo huo dhidi ya kila mtoto shuleni ambaye ana kaka mwenye simu. Siwezi kusema kwamba kuficha ni vibaya wakati wote, maana watu wazima huwaficha watoto mambo kila siku kwa huruma. Ninakuomba tu upime kama unaweza kuubeba mpaka atakapokua, na utamjibu nini siku atakapokuuliza, "Dada, ulikuwa unajua?"

Kumwonyesha yote, kwa upande wake, ni jambo zito kuliko ulivyoliandika. Mtoto huyu hajatazama Nome tu, amewakumbatia, amewafinyanga, wanakaa dirishani kwake. Anayemla Nome si yule mwenye mikono mirefu, ni yule dada wa koti la manjano ambaye mdogo wako amekuwa akimwokoa. Kwa kijana wa umri wako, kugundua kwamba uliyemtetea amegeuka ni jambo linalouma na kufundisha kwa pamoja. Mtoto wa miaka 8 bado anapanga dunia yake kwa wema na wabaya, na akivurugwa ghafla usiku, baba hayupo na mama yuko kazini, anaweza kupoteza imani na kitu kikubwa kuliko mchezo. Lazima pia ujue, kama hujui tayari, kwamba sura za nyongeza zilizotoka mwaka 2017 na 2018 zinadokeza kuwa Nome yule alikuwa mtoto aliyegeuzwa. Wala usimtulize kwa kumwahidi kwamba sehemu ya pili itamrudisha Six kuwa mwema, kwa sababu sehemu hiyo, iliyotoka mwaka 2021, inasimulia mambo ya kabla, na mwisho wake una usaliti wake wa kuumiza.

Lakini sioni kwamba njia zimeishia hapo. Unaweza kuacha wazi wazi, bila kisingizio: kumwambia kwamba sehemu iliyobaki ni ya watu wakubwa, kwamba wewe umeiona na ilikuliza, na kwamba utaimaliza naye akifika umri mtakaokubaliana na mama. Atakasirika, pengine atalia, na utahitaji uvumilivu, ila hatakuwa amedanganywa. Unaweza pia kumsimulia mwisho badala ya kumwonyesha, mchana, uani, bibi akiwa karibu, ukianza na lile analolitaka zaidi: kwamba Six anatoka melini, mlango unafunguka na anapanda ngazi kuelekea kwenye mwanga. Kisha, akiuliza, umwambie kwamba njaa ilikuwa imembadilisha, kwa kiasi anachoweza kubeba. Ukisimulia, unamtazama uso na unaweza kunyamaza kwa wakati wake, na simu haiwezi kufanya hivyo. Hatari yake ni kwamba mawazo ya mtoto wakati mwingine huchora picha mbaya kuliko ile ya kwenye kioo, na akiendelea kuuliza zaidi itakubidi uwe na jibu. Au mnaweza kurudi nyuma, mkacheza tena sehemu alizokwisha kuzishinda, mchana, dirisha likiwa wazi na sauti ikiwa chini, yeye akiwa ameshika simu na wewe ukiwa mtazamaji. Mtoto anayemkwepa mtu wa mikono mirefu kwa vidole vyake mwenyewe huwa na hisia tofauti na anayetazama tu. Bibi anaweza kuona hilo ni kuukaribisha tena mchezo ndani, kwa hiyo lisifanyike kwa kujificha.

Katika njia zote hizo, saa ya kucheza ina uzito wake. Kama mnacheza jioni, kisha anaoga na kulala, picha za mwisho anazoingia nazo usingizini ni zile. Hata mama akiamua kwamba mchezo ubaki, nadhani hakuna atakayekataa kwamba uhamie mchana.

Nimelibakiza la moyo wako, kwa sababu nataka kulijibu taratibu. Ulilia Nome alipoliwa, ukafurahi wageni walipoanguka, na unaona furaha hiyo inayafuta machozi yale. Hebu tuangalie mchezo wenyewe unavyofanya kazi. Njaa inapomshika Six mbele ya Nome, unamsogeza kuelekea kwenye soseji, na hapo mchezo unamwondoa mikononi mwako. Hukuulizwa, hukubonyeza kitu, unatazama tu. Watengenezaji walilikusudia hilo, na hata jina la kwanza la mchezo, kabla haujaitwa Little Nightmares, lilikuwa Hunger, yaani Njaa. Kisha wanakurudishia mwendo wa Six, na katika ukumbi ule hakuna unachoweza kufanya isipokuwa kutembea, na kila hatua unayotembea watu wanakufa. Kwa saa nyingi ulikuwa umejibanza, umeshika pumzi, ukisubiri wakubwa wapite. Mwili wako ulikuwa umekaza muda wote huo. Ulipopewa kutembea wima, bila kujificha, mbele ya wale wale waliotambaa juu ya meza wakitaka kukumeza, mwili ulilegea, na kulegea huko kulikuwa kutamu. Sioni ajabu kwamba ulitaka ukumbi uwe mrefu zaidi.

Sitaki, hata hivyo, nikupe jibu jepesi kwamba ilikuwa ni mwili tu. Umri wako una masaa mengi ya kunyamaza. Unalea mtoto usiku ambao si zamu yako, unasimama kati ya bibi na mama, unasubiri simu ya baba, na bado unatakiwa kufaulu. Inawezekana kwamba ndani yako kuna msichana aliyechoka kupita chini ya meza, na kwamba ukumbi ule ulimpa dakika chache za kutembea. Kama ni hivyo, furaha ile inakuletea habari ambayo mama yako angependa kuisikia. Ni wewe utakayejua kama nimegusa au nimekosa.

Umeuliza kama mtu wa namna hiyo anafaa kumwongoza mtoto mdogo. Ninachokiona kwenye barua yako ni msichana ambaye, akiwa ameushika mwisho peke yake, amesita kuendelea kwa sababu ya viumbe wawili wa udongo dirishani. Sitakupimia kufaa kwako kwa hilo wala kwa dakika zile za ukumbini, ila nakuomba usizipe dakika zile uzito wa kuamua wewe ni nani.

Mama alisema atakuamini kwa utakalomwambia. Hulazimiki kuwa na jawabu la ndiyo au hapana ili akusikilize. Mweleze kama ulivyonieleza mimi: kwamba kuna sehemu mdogo wako hajaiona, kwamba inakutisha kumwonyesha na inakutisha kumficha, na kwamba wewe mwenyewe iliwahi kukuliza. Tafuta siku ambayo hana zamu, baada ya kuamka na kunywa chai, mdogo wako akiwa shuleni. Bibi akitaka kukaa nanyi, mpe nafasi, na umwombe akueleze yeye huwa anajuaje kwamba mjukuu amesikia hadithi ya kutosha kwa usiku huo. Kisha amueni pamoja kati ya njia hizo, au nyingine watakayoiona wao, na mkikubaliana iwe ni wewe utakayemwambia mdogo wako, kwa sababu ni wewe aliyekuwa naye jikoni kwa wapishi.

Shangazi